Wapangaji Wote wa Nyumba ya Bi Shinuna

Bi Zamda halali mchana. Hivyo ndivyo anavyosema kila siku, na kila siku, ikifika saa nane, kidevu kinamwangukia kifuani na ungo unabaki mapajani, mchele uliochambuliwa upande mmoja na usiochambuliwa upande mwingine. Leo pia ni hivyo hivyo, ila leo simu ya mkwewe Sauda, aliyeiegesha kwenye dirisha la jikoni, iko kwenye kipindi cha zilipendwa, na mtangazaji anasema atapiga wimbo ambao wengi wameusahau. Bi Zamda hajausahau. Anautambua tangu gita la kwanza, lile linaloanza peke yake na kungojea wenzake. Ni wimbo wa mtu anayemwita Maua mlangoni kwake, anabisha hodi ya kwanza, anabisha ya pili, na Maua hafungui. Bi Zamda anajiambia atausikiliza mpaka mwisho macho yakiwa wazi. Anainua mguu auweke vizuri juu ya mkeka, na mguu haugusi mkeka, unagusa vumbi, na vumbi lenyewe ni jekundu na lina joto, na yeye amekwisha kusimama katikati ya barabara akiwa na kanga zake za nyumbani, pekupeku, bila ungo.

Barabara ni ndefu na haina miti, na wimbo unatoka chini yake. Akikanyaga unasikika vizuri, akiinua unyayo unafifia, kwa hiyo anatembea ili asiupoteze. Anapita kibanda cha rangi ya kijani, anatembea kitambo, anapita kibanda cha rangi ya kijani, na mara ya tatu anakiona kiko mkono wa kulia badala ya kushoto na anaamua kutokishughulikia. Mbele yake anakuja mwanamume wa suti ya kaunda, na mahali pa uso wake pamekaa laini tu, kama mgongo wa sahani. Bi Zamda hashtuki. Ndotoni watu hushangaa vitu vidogo, na yeye anachoshangaa ni viatu vya yule mtu, vilivyong'aa katika vumbi lote lile. Kisha yule mtu anazungumza na Bi Zamda anaijua sauti. Ndiyo iliyokuwa ikisoma salamu redioni saa kumi jioni, zamani zile, nzito na ya kirafiki, ikitamka kila jina bila haraka. Shikamoo, anasema Bi Zamda, kwa sababu sauti hiyo ilikuwa ya mtu mzima hata wakati ule. Marahaba, binti, unamtafuta nani? Bi Zamda anasikia kinywa chake kikijibu kabla hajakiruhusu: Namtafuta Mrisho, fundi redio. Ni zaidi ya miaka arobaini tangu alitamke jina hilo.

Kisa chenyewe ni hiki, na afadhali nikiseme mimi, maana Bi Zamda hajawahi kukisimulia kwa mtu. Alipokuwa mke mpya wa miaka kumi na tisa, alipanga na mumewe chumba kimoja huko Tabora, katika nyumba ya Bi Shinuna: vyumba sita, uwanja mmoja, jiko moja la nje, na zamu ya kufagia iliyoleta ugomvi kila Jumatatu. Chumba cha mbele alikaa Mrisho, fundi redio, mseja, mtu wa maneno machache aliyenuka lehemu. Redio alizozitengeneza alizijaribu kwa sauti ya juu, na uwanja mzima ukasikiliza. Alikuwa mpenda salamu hasa, wa kutuma kadi kila wiki. Unaandika majina ya jamaa na majirani, unaomba wimbo, na ukibahatika majina yako yanasomwa na nchi nzima inasikia. Siku moja Mrisho akampa Zamda kadi tupu, kwa sababu Zamda alikuwa na mwandiko mzuri na hakuwa amewahi kutuma. Zamda akaandika uwanja wote. Salamu zina adabu yake: ukimruka jirani mmoja umemtukana, na kesho asubuhi atakupita kisimani bila kukutazama. Kwa hiyo hakumruka mtu, hata Kalunde wa chumba cha nyuma. Akamwandika jina lake na la baba yake, akaandika mtaa na namba ya nyumba, akaomba huu wimbo wa Maua kwa kuwa Kalunde alipenda kuuimba akiosha vyombo. Kalunde alikuwa amemtoroka mume aliyekuwa akimpiga huko Urambo, na wapangaji wote walikuwa wakimficha. Zamda alilijua hilo vizuri kabisa, na alipoandika hakulikumbuka, alikumbuka adabu. Mahali pa jina la mtumaji aliona haya, tena alimwogopa mumewe, ambaye angeuliza mke wake anatafuta nini redioni. Akaandika: wapangaji wote wa nyumba ya Bi Shinuna. Kadi ilisomwa Alhamisi. Jumapili wakaja wanaume watatu kutoka Urambo wakamchukua Kalunde. Jioni ile uwanja ukauliza ni nani aliyetuma kadi, na macho yote yakaenda kwa Mrisho, mtu wa kadi. Mrisho akasema, si mimi. Alisema mara moja tu. Zamda alikuwa amesimama karibu na jiko ameshika mwiko, na hakusema kitu, wala kesho yake, wala kesho kutwa. Baada ya majuma mawili ya kuwaamkia watu wasimwitikie, Mrisho alihama. Na Mrisho alijua fika ile kadi alimpa nani.

Sasa barabarani yule asiye na uso anainamisha kichwa, kana kwamba anasoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Mrisho yupo, anasema, uwanja wote upo, lakini upo humu ndani ya wimbo, na wimbo una beti tatu, halafu magitaa yanachemka, halafu unakwisha. Ukikwisha, kila mtu anaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Bi Zamda anauliza, ni njia ipi? Yule mtu anasema, nakutegea. Bi Zamda anasema, tega, ingawa hana muda. Nina kitu, kila ninayempa anabaki nacho, na mimi nabaki nacho kizima. Bi Zamda anafikiri. Anasema moto, mtu akija kuomba kaa. Yule mtu anatikisa kichwa, na barabara inapinda pale pale alipokuwa akiitazama, inarudi kwenye kile kibanda cha kijani. Ubeti wa kwanza unakaribia mwisho, Maua amebishiwa hodi ya pili. Bi Zamda anakasirika, na hasira inamsaidia. Salamu, anasema. Hujanipa njia, umenipa salamu. Na mbele yake barabara inakuwa saruji, inakuwa baraza, inakuwa mtaa, na yule mtu yuko nyuma sana akisoma majina ambayo upepo unayachukua.

Mji aliofika ni mji wa nyumba moja. Kila nyumba ni ya Bi Shinuna. Mlango ule ule wenye kitasa kilicholegea, bati lile lile lililoshikiliwa na mawe, na iko mara mia, kulia na kushoto, ikitazamana na nyumba nyingine kama yenyewe. Lakini zimegeuzwa. Choo kilichokuwa kushoto kwa uwanja kiko kulia, milango inafunguka upande usio wake, na watu waliokaa barazani wanakula kwa mkono wa kushoto bila aibu yoyote. Bi Zamda anageuza macho kwa heshima. Namba za nyumba zimeandikwa kinyumenyume, na wote walio barazani hawana nyuso, ila anawajua kwa migongo na kwa jinsi wanavyokaa: yule ni karani wa reli aliyekaa chumba cha tatu, yule ni mama aliyekuwa akiuza maandazi, amekunja mguu mmoja chini yake kama desturi yake. Mko hamjambo? Hatujambo, wanajibu wote kwa pamoja, na wanaendelea kula. Anaingia nyumba moja akatokea nyingine. Anaingia ya tatu, anatokea ile ya kwanza. Ubeti wa pili umeanza, na sasa kuna mtu anauimba pamoja na redio, sauti ya kike, mbovu kidogo kwenye noti za juu, na Bi Zamda anaifuata kwa sababu anaukumbuka ubovu wake.

Kalunde ameinama kwenye beseni, anaosha vyombo kwa mkono wa kushoto. Yeye ana uso, uso wake mwenyewe, na hajazeeka hata siku moja. Mdogo wangu Zamda, anasema bila kugeuka, mbona umekuwa bibi? Ni miaka, da Kalunde, anasema Bi Zamda, na anachuchumaa kando ya beseni kama walivyokuwa wakichuchumaa zamani. Anasema haraka, maana ubeti unakwenda: Ile kadi niliiandika mimi. Kalunde anaisuuza sahani. Nilijua, anasema. Nani mwingine pale uwanjani angeandika jina la baba yangu bila kosa? Bi Zamda anasema, nilitaka ufurahi. Nilifurahi, anasema Kalunde. Zamda, mimi nilikuwa sijawahi kusikia jina langu likitajwa na mwanamume asiyenikasirikia. Nilikaa pale nikiwa na sabuni mikononi mpaka wimbo ukaisha. Nikajua watasikia na wao, sikuwa mjinga, lakini kwanza nilifurahi. Ulirudi kwake? anauliza Bi Zamda. Miaka miwili, anasema Kalunde, halafu nikatoroka tena, na safari hiyo nilitafuta nyumba isiyo na redio. Anacheka kidogo. Bi Zamda hachekeshwi, analia, na Kalunde anamtazama kama mtu anayetazama mvua akiwa ndani. Hilo la kadi mimi nilishalimaliza, anasema. Nenda kwa yule uliyemnyamazia. Na anamimina maji ya vyombo, na maji yanakwenda chini ya miguu ya Bi Zamda yakawa njia.

Njia hii ni nyembamba, ina kuta pande zote mbili, ni ukumbi wa nyumba unaoendelea na kuendelea. Milango ya vyumba ipo kulia na kushoto, na kila mlango una pazia, na nyuma ya kila pazia kuna redio inayopiga ubeti wa tatu, moja imetangulia kidogo, nyingine imechelewa kidogo, hata maneno yanapandana. Yule wa suti ya kaunda amekuwa wengi. Wamesimama kila baada ya hatua kumi, viatu vinang'aa, na wote wanasema kwa zamu neno moja moja la sentensi moja. Kinaingia. Vyumba. Sita. Kwa. Mpigo. Mmoja. Bila. Kugusa. Pazia. Bi Zamda hasimami kufikiri, anajibu akitembea. Jina la mtu likitajwa, anasema. Na kikikosa kutajwa? anauliza wa mwisho, yule aliyesimama mbele ya mlango wa uani, na huyu hayuko kirafiki kama wenzake. Bi Zamda anataka kumwambia ampishe. Lakini anajisikia akisema, kinakaa na mtu mmoja miaka arobaini. Anaogopa. Sijamwona akiogopa hivi hata kwenye msiba wa mumewe. Anajua kwamba ng'ambo ya mlango ule wapo wote, na kwamba wakikosa kusikia leo hakuna uwanja mwingine wa kusemea, maana Bi Shinuna alikufa, nyumba ilivunjwa, na karani na mama wa maandazi hajui hata walizikwa wapi. Yule mtu anajisogeza. Magitaa yanachemka.

Uwanja uko vile vile, na sasa kila kitu kimekaa upande wake. Choo kiko kushoto. Jiko linafuka. Ni saa za asubuhi, jua limefika nusu ya ukuta, na wapangaji wote wanafanya kazi zao huku wakiufuata wimbo kwa mabega. Bi Shinuna mwenyewe, mwenye nyumba, mwanamke mnene wa sauti kavu, amekaa kwenye kigoda chake akichambua mboga. Nyuso zao zimerudi. Hilo ndilo linalomfanya Bi Zamda asite, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi bila nyuso. Hawamtazami. Kupitia ukumbi anauona mlango wa mbele uko wazi, na nje kuna mkokoteni, na Mrisho anatoka na redio moja mikononi, anaiweka, anairudia nyumba kuchukua nyingine. Bi Zamda anafungua kinywa na kinakuja kikohozi. Gita la solo linapanda, lile linalojibizana na tarumbeta, na baada ya hapo anajua hakuna kingi kilichobaki. Jamani, anasema. Hakuna anayegeuka. Jamani majirani, ile kadi iliandikwa na mimi, Zamda, Mrisho alinipa kadi tupu nikaandika mimi, nikaogopa kuandika jina langu, na mlipomwuliza nikanyamaza. Amesema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Bi Shinuna anainua kichwa, anamtazama, anasema, haya, tumesikia, kisha anauliza zamu ya kufagia leo ni ya nani. Mama wa maandazi anasema ni ya chumba cha pili. Kazi zinaendelea. Bi Zamda alidhani dunia ingesimama, au kwamba wangempiga, au kwamba angalau karani wa reli angekuna kichwa, na sasa amesimama pale hana la kufanya na mikono yake.

Anapita ukumbini kwenda mbele. Mrisho amekaa juu ya ncha ya mkokoteni, anajipangusa jasho kwa mkono wa shati, na ile harufu ya lehemu ipo. Shikamoo kaka Mrisho. Marahaba, Zamda. Umesikia nilichosema? Nimesikia, anasema Mrisho, mimi nilikuwa nakijua. Mbona hukuniumbua? anauliza Bi Zamda, na sauti yake ni ya miaka kumi na tisa. Ulisema si mimi, ungesema pia ni nani. Mrisho anafikiri, kwa kuwa ni mtu wa kufikiri kabla ya kusema hata ndotoni. Ulikuwa na mume mwepesi wa mkono, anasema. Mimi nilikuwa na mkokoteni. Nikaona mimi ninaweza kuhama na wewe huwezi. Halafu nikadhani utakuja mwenyewe, basi siku ya kuhama nilipakia polepole. Redio moja moja. Kitanda nilikipakia nikakishusha, nikakipakia tena, jirani wa mbele akaniuliza kama naumwa. Nilipakia mpaka adhuhuri. Nilikuwa nautazama mlango wako. Bi Zamda anasema, nilikuwa nyuma yake. Najua, anasema Mrisho, niliiona miguu yako chini ya pazia. Hasemi kwa uchungu. Anasema kama mtu anayemweleza mteja redio yake ilikuwa na shida gani. Kisha anainuka kwenda kuchukua redio nyingine, na Bi Zamda anataka kumshika mkono, na gita linabaki peke yake kama lilivyoanza, na linanyamaza.

Simu dirishani inatangaza magodoro. Mchele umemwagika mkekani, uliochambuliwa na usiochambuliwa pamoja, na Sauda amepiga magoti anauzoa. Pole mama, anasema Sauda, ulilala kidogo. Bi Zamda anasema, sikulala. Kisha anasema, mwanangu, kuna mtu nilimtenda vibaya zamani, Tabora, anaitwa Mrisho, na sijawahi kumwambia mtu. Sauda anaacha kuzoa. Umeshaniambia, mama. Lini? Sasa hivi, umekaa hapo hapo, macho yako yako wazi, umesema kadi uliandika wewe, umetaja watu wote, nikakwambia haya, nimesikia. Bi Zamda anayarudia maneno hayo moyoni. Haya, nimesikia. Anajaribu kuikumbuka ile siku ya kuhama kama ilivyokuwa, kabla ya leo, na anachokipata ni pazia tu, na upande wake wa ndani. Hakuchungulia. Alijiziba masikio kwa mto. Kama Mrisho alipakia polepole au alipakia mbio, hakuona, na hamjui mtu aliye hai wa kumwuliza. Sasa anaziona redio zikibebwa moja moja, anakiona kitanda kikipanda na kushuka, anaziona wazi kuliko anavyouona mchele huu, na hawezi kusema amezipata Tabora au amezipata kwenye wimbo. Anataka iwe kweli kwamba alisubiriwa. Akikumbuka kwamba hapo palikuwa na asubuhi nzima ya kufungua mlango, anataka isiwe kweli. Sauda anamshika bega. Na huyo Mrisho, mama, yuko wapi siku hizi? Nje, anasema Bi Zamda. Bado anapakia. Naye anaweka mkono ukutani, anainuka, anakwenda mlangoni.